Chipu Isiyo na Namba

Sijawahi kumpenda shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, na sitampaka rangi hapa ili mimi nionekane mtu mwema. Ni seremala. Ana penseli nyuma ya sikio hata Jumapili kanisani, na ana tabia ya kukusikiliza mpaka mwisho, kisha akakuuliza swali lile lile ambalo ulikuwa unaomba asikuulize. Ameishi na dada yangu Buterere, pembezoni mwa mji, miaka kumi na mbili, na miaka yote hiyo nimemsalimia kwa sababu tu mama alitulea tusalimie watu.

Mimi ni fundi wa redio, simu, taa za sola, na chochote kingine kinachopitisha umeme. Meza yangu iko Bwiza, katikati ya mji, kwenye baraza ya duka la vitenge, katika safu ya mafundi sita tunaokaa bega kwa bega na kuchukiana. Tunaazimana bisibisi, tunacheka pamoja, lakini kila mmoja anahesabu wateja wa mwenzake kwa jicho la pembeni. Ndiyo maana sote tunakwangua namba. Ukifungua kifaa nilichokitengeneza, utakuta chipu haina maandishi: nimeipitishia wembe, kisha msasa, mpaka uso wake umebaki kijivu kitupu. Fundi mwingine hawezi kujua nimeweka nini, na mteja atarudi kwangu apende asipende. Tabia hii tuliikuta kwa waliotutangulia kwenye safu ile, na sijamsikia hata mmoja akiionea haya.

Wenzangu walikuwa wakikwangua baada ya kazi, moja moja. Mimi nilikuwa mjanja kuliko wao. Nilikwangua mapema, asubuhi kabla wateja hawajaja, chipu thelathini au arobaini kwa mkupuo mmoja, nazitupa kwenye kopo la biskuti. Nyingi zilikuwa chipu za kushusha umeme, zile zinazokaa ndani ya kidude tunachokiita regilateri: unaingiza volti ishirini na nne, zinatoka kumi na mbili, au tano, kadiri unavyotaka. Nilikuwa na za ampea moja na za ampea tatu. Kwa umbo ni mapacha, uso mweusi, mgongo wa chuma, miguu mitano. Za ampea moja nilizitia tone la rangi nyekundu ya kucha. Za ampea tatu sikuzitia kitu.

Mwaka ule maji yaliingia Buterere kama kawaida yake, yakatoka, na yalipotoka yakaacha kideri, ugonjwa unaofagia kuku. Kuku wa mtaa mzima walikufa ndani ya wiki moja. Wa dada yangu walikuwa kishingo, wale wenye shingo tupu isiyo na manyoya, na kizazi chao alikileta mama kutoka Uvira ndani ya kapu, siku alipovuka mpaka na sisi wawili. Mama alitulisha kwa kuku hao, na alipofariki dada akaendelea nao, akawa anapeleka mayai na vifaranga sokoni Mutakura. Kilichobaki kwake ni mayai arobaini na mawili aliyokuwa ameyaweka kwenye beseni la pumba za mpunga chini ya kitanda. Kuku wa kuyaatamia hakuwepo, si kwake wala kwa jirani. Mayai hayakai siku nyingi. Yasipoanguliwa, kuku wa mama wamekwisha, na biashara ya dada imekwisha pamoja nao.

Shemeji akatengeneza sanduku la kuangulia. Lazima niseme ukweli hapa, ingawa unaniuma: lilikuwa sanduku zuri. Kuta mbili za mbao na pumba katikati kuzuia joto lisitoke, kidirisha cha kioo mbele, trei inayogeuza mayai yote kwa kuvuta kijiti kimoja. Nilitafuta kasoro sikuipata. Kuleta joto wangetumia taa moja ya breki ya pikipiki, kusambaza hewa kifeni cha kompyuta, na kukata joto likizidi kulikuwa na swichi ndogo ya kuhisi joto, inayozima taa na kuiwasha tena. Vyote hivyo vinataka volti kumi na mbili. Yeye alikuwa na betri mbili za lori zilizofungwa pamoja kwa ajili ya mashine yake ya kutobolea mbao, zinachajiwa na sola, na hizo zinatoa ishirini na nne. Katikati palitakiwa regilateri. Hapo ndipo walipokumbuka kwamba wana ndugu Bwiza.

Nilikwenda Jumamosi asubuhi. Nilikuwa nimeshafunga chipu isiyo na tone jekundu kutoka kopo langu, nimeikaza kwenye kipande cha alumini cha kunyonya joto. Dada alinipa chai. Shemeji akasimama nyuma yangu, kitu ambacho fundi yeyote anakichukia.

"Shemeji, iyi kitu inabeba kuran ngapi?" akauliza, yaani umeme kiasi gani.

"Ampea tatu. Taa na feni zinakula karibu mbili. Iko na nafasi."

"Na joto yake?"

Nilimweleza kwa sauti ya mwalimu aliyechoka. Kwamba ampea tatu zilizoandikwa kwenye karatasi ya kiwanda ni za siku njema, chipu ikiwa na alumini mgongoni na hewa ya baridi. Kwamba chipu haishushi umeme bure: sehemu inapotea njiani na inakuwa joto, wati tatu hivi kwa kazi yetu ile, zimebanana kwenye kitu chenye ukubwa wa kucha. Hewa ikiwa ya moto, unapunguza mzigo. Ikipita kikomo chake, chipu inajizima yenyewe, inapoa, inawaka tena. Nilimwambia hata ile sehemu ninayoipenda kuliko zote, kwamba inapojizima inajilinda yenyewe tu, kifaa kilicho mbele yake hakiihusu. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akachukua penseli nyuma ya sikio.

"Namba yake ni ngapi? Niandike hapa ku mbao. Siku ikiharibika na we hauko, mutu mwengine ajue ya kuweka."

"Siku ikiharibika mutaniita mi."

"Na kama hauko?"

"Niko kila siku."

Akainama, akaitazama ile chipu. "Lakini mbona wameifuta?"

"We chonga mbao yako, shemeji. Ya kuran uniachie."

Dada akacheka, akamwambia mume wake aache maswali, mdogo wake anajua kazi. Yeye akairudisha penseli mahali pake. Mimi nikawasha. Safu yetu ina kipimo chake cha joto: unalamba kidole, unakiweka juu ya chipu, unahesabu. Ukifika tano bila kuondoa kidole, kazi ni salama. Nilisubiri mpaka nikamaliza chai yangu, nikalamba kidole, nikaweka. Nilifika nne. Jua lilikuwa kali, nikaona ni joto la jua.

"Tano," nikasema.

Siku kumi na tano mambo yalikwenda. Dada hakuwa na kipimajoto cha kuaminika, alipima kwa namna ya mama, anaweka yai juu ya kope la jicho lililofumbwa. Kope haliongopi, alisema. Aliniita kwenye simu kila jioni kunihesabia siku. Siku ya saba aliyamulika mayai kwa tochi akaona mishipa kwenye thelathini na saba. Alicheka kwenye simu mpaka na mimi nikacheka, na wakati huo nilijiona mtu mkubwa kwelikweli. Taa ilizima na kuwaka, ilizima na kuwaka, na wote tulijua ni ile swichi inafanya kazi yake. Joto la Buterere lenyewe lilikuwa linasaidia, kwa hiyo taa haikuwaka kwa muda mrefu.

Siku ya kumi na sita mvua ikarudi, siku tatu mfululizo, na ubaridi unaopanda kutoka mashamba ya mpunga ukaingia mpaka chini ya mlango. Siku ya kumi na tisa asubuhi simu ikalia nikiwa ndiyo kwanza nimepanga meza.

"We kuya mbio," dada akasema. "Mayai iko baridi."

Nilifunga meza nikaenda. Nilipoingia nikaona kitu kimoja tu: kopo la maziwa ya unga, la bati, limepigiliwa ubavuni mwa sanduku, na mfuniko umebanwa. Nyaya zangu zinaingia upande mmoja na kutokea upande wa pili. Shemeji alikuwa ameiweka regilateri yangu ndani ya kopo, mvua ilipoanza.

Sitasema kwamba nilikasirika. Nilifurahi. Hasira ilikuja juu ya furaha. Miaka kumi na mbili ya maswali yake, ya penseli yake, ya kunisikiliza mpaka mwisho, na sasa kosa lake lilikuwa mbele ya macho ya mke wake, limepigiliwa na misumari.

"Nani amefunga iyi kopo?"

"Ni mi," shemeji akasema. "Bati inavuja pale juu. Na panya. Nilifunga ile alumini yako ku kopo na parafujo, nikazani chuma itatoa joto inje."

"Ulizani. Si nilikuambia iyi kitu inaogopa joto? Nilikuambia ama sikukuambia?"

"Uliniambia."

"Umeiziba pumzi. Imejizima, na mayai imekufa. Umemaliza kuku za mama."

Alifungua mdomo. Nikaona swali linakuja, nikaliwahi: nikang'oa mfuniko, nikaipepea chipu kwa daftari la watoto, na baada ya dakika chache taa ikawaka. Nikageuka kwa dada. Taa ilikuwa imesema kwa niaba yangu.

Dada alichukua yai moja, akaliweka kwenye kope. Akaliweka la pili. Alimtazama mume wake kwa jicho ambalo sikuwahi kuliona kwake, jicho la mtu aliyepiga mahesabu ya miaka na kuona hasara.

"Ungeachia ndugu yangu kazi yake," akamwambia.

Shemeji akatoka nje akasimama chini ya ukingo wa bati. Mimi nikala chakula cha mchana pale, nikashiba.

Tulisubiri mpaka siku ya ishirini na tatu, maana dada hakukubali kwamba wamekufa. Alisikiliza mayai kwa sikio, moja moja. Kisha akakaa chini na bakuli, akaniita nikae naye, akaanza kuyavunja. Walikuwa wamekamilika. Manyoya yamelala, makucha yamejikunja, kidomo kimegusa ganda. Na shingo tupu, nyekundu, kila mmoja, kama za wale waliovuka mpaka kwenye kapu. Alivunja yote thelathini na saba. Hakulia. Alipofika la mwisho akanawa mikono, akasema hatafuga tena.

Nilichukua regilateri yangu nikaondoka nayo. Niseme wazi kwa nini niliichukua: nilitaka kuiweka mezani Bwiza na kuifanyia jaribio, kisha nimpigie shemeji simu aje aone kwa macho yake alichokifanya. Maneno matupu hayakunitosha. Nilitaka ushahidi.

Kesho yake asubuhi nikaifunga mezani, wazi, bila kopo, nikaipa taa ya breki kama ile, na pembeni nikaiwekea feni yangu ya mezani iipulize, nimwonyeshe jinsi kitu kinavyofanya kazi kikipata hewa. Nikageukia redio ya mteja. Zilipita kama dakika ishirini. Taa ikazima.

Nikafikiri ni waya. Nikashika waya, uko sawa. Taa ikawaka. Baada ya muda ikazima tena. Nikalamba kidole nikagusa, nikaondoa kidole kabla ya mbili. Feni ilikuwa inapuliza moja kwa moja.

Nilivuta kopo la biskuti. Nikamwaga chipu zote juu ya gazeti, nikazigeuza moja moja. Hakuna hata moja iliyokuwa na tone jekundu. Chini ya kopo kulikuwa na vumbi la rangi ya kucha, vipande vidogo vidogo. Juu ya uso uliopigwa msasa rangi haishiki. Kila nilipolitikisa kopo kutafuta chipu, nilikuwa naikung'uta. Nilikuwa nimewafutia namba mafundi watano wa safu yangu, na wa sita aliyefutiwa alikuwa mimi.

Bado nilitafuta njia ya kumpata shemeji. Nikasema, sawa, chipu ilikuwa ya ampea moja, ilivumilia siku za joto taa ikipumzika na ikazidiwa siku za mvua taa ilipokesha, lakini hata ya tatu ingekufa ndani ya kopo lile. Nikaanza kuzipima kwa mzigo mpaka nikapata moja isiyozima. Nikaifunga kwenye alumini, nikatafuta kopo la maziwa kama lile, nikaikaza kwa parafujo kwenye bati kama alivyofanya yeye, nikabana mfuniko, nikaihamisha juani. Ikafika saa sita, taa inawaka. Saa nane, inawaka. Nilishika kopo, lilikuwa la moto, lakini mkono ulivumilia. Bati lilikuwa linatoa joto nje, kama alivyosema. Chipu sahihi ingekaa ndani ya kopo la shemeji mpaka vifaranga watoke na wakue.

Saa tisa nikamwona anakuja. Alikuwa amevaa shati la kanisani, na mkononi ana mfuko wenye chupa mbili za bia. Kila mtu mjini hapa anajua maana ya kuja hivyo, mchana kweupe, mbele ya watu. Mafundi watano wakaacha kazi. Hakukaa.

"Shemeji," akasema, kwa sauti ya kusikika, "niko nakuomba musamaha. Ni mi niliuwa mayai ya dada yako. Ulinionya, sikusikia. Kuku za mama yenu zimeisha juu ya kichwa yangu nguvu. Kama utanisamehe, naomba tukunywe."

Taa ilikuwa inawaka kati yetu, na kopo likiwa limefungwa. Macho yake yalilifikia. Aliliangalia kwa muda, yule mtu wa maswali, na nikajua linakuja.

"Na iyi? Iko nawaka ndani ya kopo?"

"Ya muteja," nikasema. "Iko tofauti."

Akaitikia kwa kichwa. Aliniamini. Kuaminiwa kule kulinichoma kuliko tusi lolote, nikamchukia kwa hilo, kwa shati lake lililopigwa pasi, kwa kuja mpaka hapa mchana kweupe kuomba msamaha wa kosa langu. Angekuja na matusi ningejua la kufanya. Fundi wa jirani akafungua chupa. Anayeombwa msamaha ndiye anayeanza. Safu nzima ilikuwa inanitazama.

Nikanywa. "Imeisha, shemeji," nikasema.

Akanywa na yeye, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akaenda zake. Jirani yangu akasema yule ni muungwana. Nikamwambia afanye kazi yake.

Bado nakwangua namba. Sasa nakwangua moja moja, baada ya kuipima na kuifunga, na wenzangu wananicheka kwamba nimekuwa mwoga. Sijamwambia mtu. Nimeanza mara mbili kumwambia dada kwenye simu, na mara zote mbili nimeishia kumuuliza habari za watoto.

Mwezi uliopita nilikula kwao Jumapili baada ya kanisa. Sanduku la kuangulia bado lipo, dada anawekea humo sahani. Taa ya sebuleni ilikuwa imeungua, na mawingu yalikuwa yametia giza nyumba. Shemeji alileta taa mpya, akavuta kiti, akaweka mguu mmoja juu yake.

"We acha," dada akasema, bila hasira, kama mtu anayesema jambo linalojulikana na wote. "Utaharibu. Ndugu yangu yuko hapa."

Watoto walikuwa wanamtazama baba yao. Akateremsha mguu, akanipa taa. Nikapanda mimi, na yeye akainama akashika miguu ya kiti nisianguke.